Steve Tikolo

Stephen Ogonji Tikolo (alizaliwa Nairobi, 25 Juni 1971), anayejulikana zaidi kama Steve Tikolo, ni kocha wa kriketi na mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya Kenya. Alikuwa mpigaji wa mkono wa kulia aliyeweza pia kurusha mpira. Aliichezea Kenya katika Kombe la Dunia mara tano, yaani 1996, 1999, 2003, 2007 na 2011. Alikuwa nahodha wa timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, ambayo ilikuwa timu ya kwanza kufika hatua hiyo kutoka nchi isiyo na hadhi ya Test.

Tikolo ndiye Mkenya aliyepata mikimbio mingi zaidi katika mechi za kimataifa za siku moja. Kwa miaka mingi wachambuzi wa mchezo huo walimtaja kuwa mpigaji bora duniani nje ya nchi zinazocheza Test. Kenya haikuwahi kupewa hadhi hiyo, kwa hiyo Tikolo alimaliza miaka yake yote ya uchezaji bila kucheza Test hata moja. Baada ya kustaafu aligeukia ukocha, akiwafundisha wapigaji wa Kenya na baadaye kuongoza timu ya taifa ya Uganda.

## Kazi ya mpigaji katika kriketi

Kriketi huchezwa na timu mbili zenye wachezaji 11 kila moja. Katikati ya uwanja kuna ukanda mwembamba wenye vijiti vitatu vilivyosimamishwa kila upande; vijiti hivyo huitwa wiketi. Mrushaji hutupa mpira mgumu wa ngozi kuelekea wiketi, na mpigaji huulinda upande wake kwa gongo bapa la mbao. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake aliye upande wa pili hukimbia na kubadilishana nafasi, na kila wakifika salama timu yao hupata mkimbio mmoja. Mpira ukifika mpakani mwa uwanja baada ya kugusa ardhi huhesabiwa mikimbio 4, na ukivuka mpaka bila kugusa ardhi huhesabiwa 6.

Mpigaji huendelea kupiga hadi atolewe. Anaweza kutolewa mpira ukigonga vijiti vyake, ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, ukimpata mguuni mahali ambapo ungegonga vijiti, au wapinzani wakivunja wiketi kabla yeye hajafika mstarini. Akishatolewa harudi tena katika zamu hiyo. Ndiyo maana kazi ya mpigaji inahitaji uvumilivu mkubwa, kwa kuwa kosa moja linaweza kumaliza kazi yake ya siku nzima. Kupata mikimbio 50 ni mafanikio mazuri, na kupata 100 ni heshima kubwa.

Katika mechi za siku moja kila timu hupewa ova 50, na kila ova ina mipira sita. Katika mechi fupi za Twenty20 kila timu hupewa ova 20. Mechi za Test huchukua hadi siku tano, na ni nchi chache tu zenye ruhusa ya kuzicheza. Ruhusa hiyo hutolewa na Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC. Nchi zenye hadhi ya Test hupata mgawo mkubwa wa fedha, ziara nyingi za timu kubwa, na sauti katika maamuzi ya mchezo. Nchi nyingine hutegemea mashindano ya kufuzu na mialiko ya hapa na pale.

## Maisha ya awali na familia

Kriketi ililetwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni wa Waingereza. Kwa miaka mingi ilichezwa zaidi na Wazungu na jamii za watu wenye asili ya Bara Hindi katika miji kama Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam. Mwaka 1975 Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishiriki Kombe la Dunia la kwanza kwa timu ya pamoja iliyoitwa Afrika Mashariki. Timu hiyo ilipoteza mechi zake zote tatu. Mwaka 1981 Kenya ilijiunga na ICC kama nchi inayojitegemea.

Tikolo alikulia Nairobi wakati sura ya mchezo huo ilipokuwa inabadilika na vijana Waafrika walipoanza kuingia katika timu za klabu. Kriketi ilikuwa jambo la nyumbani kwao. Kaka zake, Tom na David, nao waliichezea Kenya, na Tom alikuwa nahodha wa timu ya taifa kabla ya enzi ya mdogo wake. Familia nyingine za Nairobi zilifuata njia hiyohiyo: Edward na Maurice Odumbe, Martin na Tony Suji, pamoja na ndugu watatu Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya. Sehemu kubwa ya timu iliyoipatia Kenya sifa katika miaka ya 1990 na 2000 ilitoka katika familia hizo chache. Hiyo ilikuwa nguvu yake, kwa kuwa wachezaji walijuana tangu utotoni. Ilikuwa pia dalili kwamba mchezo haujaenea mbali nje ya mji mkuu.

## Kombe la Dunia la 1996

Mwaka 1994 Kenya iliandaa Kombe la ICC, mashindano ya kufuzu kwa nchi zisizo na hadhi ya Test, jijini Nairobi. Ilifungwa na Falme za Kiarabu katika fainali, lakini kufika fainali kulitosha kuipatia nafasi katika Kombe la Dunia la 1996 lililochezwa India, Pakistan na Sri Lanka.

Mechi ya kwanza ya Kenya ilikuwa dhidi ya India mjini Cuttack tarehe 18 Februari 1996. Ilikuwa pia mechi ya kwanza ya Tikolo katika ngazi hiyo. Alipata mikimbio 65 mbele ya watazamaji wa wenyeji, ingawa India ilishinda kwa urahisi baada ya Sachin Tendulkar kupata 127 bila kutolewa.

Tarehe 29 Februari, mjini Pune, Kenya ilikutana na West Indies, mabingwa wa dunia wa 1975 na 1979. Kenya ilipiga kwanza na kutolewa yote kwa mikimbio 166. Tikolo ndiye aliyepata mingi zaidi kati ya wapigaji wake, 29. Ilionekana kuwa idadi ndogo mno, lakini West Indies ilitolewa kwa mikimbio 93 tu, na Kenya ikashinda kwa tofauti ya 73. Maurice Odumbe na Rajab Ali walichukua wiketi tatu kila mmoja. Brian Lara, aliyehesabiwa kuwa mpigaji hatari kuliko wote wakati huo, alidakwa nyuma ya vijiti akiwa na mikimbio 8. Mechi hiyo bado inahesabiwa kati ya matokeo ya kushangaza zaidi katika historia ya Kombe la Dunia.

Wiki moja baadaye, tarehe 6 Machi mjini Kandy, Sri Lanka ilipata mikimbio 398 kwa wiketi 5, rekodi ya dunia ya mechi za siku moja kwa wakati huo. Kenya haikuwa na matumaini ya kushinda, lakini ilijibu kwa mikimbio 254, na kati ya hiyo Tikolo alipata 96. Sri Lanka ndiyo iliyotwaa kombe mwaka huo.

Katika kipindi hicho Tikolo aliwahi pia kucheza Afrika Kusini katika timu ya jimbo ya Border. Nafasi ya namna hiyo ilikuwa adimu kwa mchezaji kutoka Afrika Mashariki.

## Fainali ya 1997 na suala la hadhi ya Test

Mwezi Aprili 1997 Kenya ilicheza fainali ya Kombe la ICC dhidi ya Bangladesh mjini Kuala Lumpur, Malaysia. Kenya ilipata mikimbio 241 kwa wiketi 7. Tikolo peke yake alipata 147, zaidi ya nusu ya mikimbio yote ya timu. Mvua ilikatiza mchezo, ukaendelea siku iliyofuata. Lengo la Bangladesh lilipunguzwa hadi mikimbio 166 katika ova 25, nayo ikalifikia kwa mpira wa mwisho ikiwa imebakiwa na wiketi mbili.

Zote mbili zilikuwa zimekwisha kufuzu kwa Kombe la Dunia la 1999 pamoja na Uskoti, na zote zilipewa hadhi ya kudumu ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Hata hivyo njia zao ziliachana baada ya hapo. Bangladesh ilipewa hadhi ya Test mwezi Juni 2000. Kenya iliitaka hadhi hiyohiyo lakini haikuipata.

Kwa matokeo ya uwanjani, Kenya ya miaka hiyo haikuwa nyuma ya Bangladesh. Mwezi Mei 1998 iliifunga India kwa mikimbio 69 mjini Gwalior, na Oktoba 2001 iliifunga tena India kwa mikimbio 70 mjini Port Elizabeth, Afrika Kusini. Mwaka 2000 Nairobi iliandaa mashindano ya mtoano ya ICC katika uwanja wa Gymkhana, ambayo New Zealand ilishinda. Kwa upande mwingine, katika Kombe la Dunia la 1999 nchini Uingereza Kenya ilipoteza mechi zake zote tano. Bangladesh ilikuwa pia na kitu ambacho Kenya haikuwa nacho, yaani mamilioni ya watu wanaofuata kriketi kila siku. Nchini Kenya mchezo huo ulibaki nyuma ya soka na riadha.

## Nahodha: Kombe la Dunia la 2003

Tikolo alikabidhiwa unahodha kabla ya Kombe la Dunia la 2003, lililoandaliwa na Afrika Kusini pamoja na Zimbabwe na Kenya. Kocha wa timu alikuwa Sandeep Patil, mchezaji wa zamani wa India.

Kenya ilianza kwa kufungwa na Afrika Kusini mjini Potchefstroom tarehe 12 Februari, kisha ikaifunga Kanada mjini Cape Town. New Zealand ilikataa kusafiri kwenda Nairobi kwa sababu za usalama baada ya shambulio la bomu la Novemba 2002 karibu na Mombasa, na Kenya ikapewa pointi za mechi hiyo bila kucheza. Tarehe 24 Februari, katika uwanja wa Gymkhana, Kenya iliifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53. Kenya ilikuwa imepata 210, na Sri Lanka ikatolewa kwa 157 baada ya Collins Obuya, kijana aliyekuwa akirusha mpira wa kuzunguka, kuchukua wiketi 5 kwa mikimbio 24. Tarehe 1 Machi Kenya iliifunga Bangladesh kwa mikimbio 32 mjini Johannesburg. Nchi iliyokuwa imenyimwa hadhi ya Test iliishinda ile iliyopewa.

Baada ya kufungwa na West Indies, Kenya iliingia hatua ya timu sita bora. Huko ilifungwa na India, lakini tarehe 12 Machi mjini Bloemfontein iliifunga Zimbabwe kwa wiketi 7 na kujihakikishia nusu fainali. Dhidi ya Australia mjini Durban, Tikolo alipata mikimbio 51 katika siku ambayo wenzake wengi walishindwa kukabiliana na kasi ya Brett Lee. Australia, waliokuwa mabingwa watetezi, walishinda, lakini walipoteza wiketi tano wakitafuta mikimbio 175.

Nusu fainali ilichezwa Durban tarehe 20 Machi 2003. India ilipata mikimbio 270 kwa wiketi 4, nahodha wake Sourav Ganguly akipata 111 bila kutolewa na Tendulkar 83. Kenya ilitolewa kwa 179. Mikimbio 56 ya Tikolo ndiyo iliyokuwa mingi zaidi kwa upande wa Kenya.

Wapo waliosema Kenya ilisaidiwa na pointi za New Zealand. Ni kweli kwamba pointi hizo zilikuwa na uzito. Hata hivyo Kenya ilizifunga uwanjani Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe, na zote tatu zilikuwa nchi za Test.

## Miaka ya kuporomoka

Wengi walitarajia kwamba baada ya 2003 Kenya ingepata mechi nyingi zaidi na wadhamini zaidi. Haikuwa hivyo. Kati ya nusu fainali hiyo na mwanzo wa 2006 timu ilipata mechi chache mno za kimataifa za siku moja. Timu kubwa hazikuja Nairobi mara kwa mara, na bila ziara hakukuwa na mapato ya televisheni.

Matatizo ya ndani yaliongeza mzigo. Wachezaji na chama cha kriketi walivutana kuhusu malipo hadi wachezaji wakuu wakagoma. Mwezi Agosti 2004 Maurice Odumbe, mchezaji muhimu aliyemtangulia Tikolo kama nahodha, alifungiwa kucheza kwa miaka mitano kwa sababu ya uhusiano na mcheza kamari. Mwaka 2005 chama cha zamani kiliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na chombo kipya, Cricket Kenya.

Katika hali hiyo Tikolo aliendelea kuwa mhimili wa timu. Mwaka 2005 aliteuliwa katika timu ya pamoja ya Afrika iliyocheza na timu ya Asia. Mwezi Februari 2007 Kenya ilishinda daraja la kwanza la Ligi ya Dunia ya ICC jijini Nairobi kwa kuifunga Uskoti katika fainali.

Katika Kombe la Dunia la 2007, West Indies, Tikolo alikuwa tena nahodha. Kenya ilicheza mechi zake katika kisiwa cha Saint Lucia. Iliifunga Kanada kwa wiketi 7, Tikolo akipata mikimbio 72 bila kutolewa. Ilifungwa na New Zealand, kisha na Uingereza katika mechi ambayo Tikolo alipata 76. Mwezi Septemba mwaka huohuo, katika Kombe la Dunia la kwanza la Twenty20 nchini Afrika Kusini, Kenya ilifungwa vibaya na New Zealand na Sri Lanka.

Pengo na Bangladesh lilionyesha jinsi mambo yalivyobadilika. Mwaka 2006 Bangladesh ilishinda mechi zote dhidi ya Kenya, nyumbani kwake mwezi Machi na jijini Nairobi mwezi Agosti. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Johannesburg.

## Kustaafu na kurudi

Tikolo alicheza Kombe la Dunia la tano na la mwisho mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 39. Wakati huo hakuwa nahodha tena; timu iliongozwa na Jimmy Kamande. Kenya ilipoteza mechi zake zote sita. Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Zimbabwe mjini Kolkata tarehe 20 Machi 2011, miaka minane kamili baada ya nusu fainali ya Durban. Baada ya mashindano hayo alistaafu.

Mwishoni mwa 2013, akiwa na umri wa miaka 42, aliitwa tena kuichezea Kenya katika mashindano ya kufuzu kwa Kombe la Dunia la Twenty20. Kuitwa kwake kulikuwa heshima, lakini kulionyesha pia kwamba hakuwa amepatikana mpigaji wa kuchukua nafasi yake. Mwanzoni mwa 2014 Kenya ilishindwa kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2015, ikapoteza hadhi yake ya mechi za kimataifa za siku moja iliyokuwa nayo tangu 1997.

## Ukocha

### Kufundisha upigaji

Kocha wa upigaji hufanya kazi na mchezaji mmojammoja zaidi ya kocha mkuu. Mazoezi mengi hufanyika ndani ya nyavu, ambamo mpigaji hurushiwa mipira mingi kwa muda mfupi huku kocha akiangalia miguu, kichwa na namna gongo linavyoshuka. Kosa dogo la miguu, kwa mfano kuchelewa kusogea mbele, halionekani kwa mtazamaji lakini humtoa mpigaji mara kwa mara kwa namna ileile. Kocha hufundisha pia kuchagua mpira wa kupiga na wa kuacha, na namna ya kugawa mikimbio katika ova zilizobaki.

Afrika Mashariki kazi hiyo ina ugumu wake. Viwanja vingi vya klabu hutumia mkeka au zulia bandia katikati badala ya udongo uliosawazishwa na kukandamizwa. Mpira hudunda kwa namna tofauti kwenye mkeka, kwa hiyo kijana aliyezoea mkeka hupata shida anapokwenda kwenye mashindano ya nje. Isitoshe, wachezaji wengi hawalipwi kwa mwaka mzima, na hugawa muda wao kati ya kriketi, masomo na kazi nyingine. Tikolo alipitia mazingira hayohayo kabla ya kukutana na warushaji wa kasi wa nchi za Test. Alianza kwa kuwafundisha wapigaji wa Kenya.

### Uganda

Mwaka 2016 Tikolo alianza kazi na timu ya taifa ya Uganda, akawa kocha wake mkuu. Uganda ilikuwa mwanachama wa ICC tangu 1998, na kwa muda mrefu ilikuwa ikipanda na kushuka katika madaraja ya chini ya Ligi ya Dunia.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Mwezi Mei 2017 Uganda iliandaa daraja la tatu la ligi hiyo katika viwanja vya Lugogo, Kyambogo na Entebbe. Ikicheza mbele ya watu wake, ilimaliza katika nafasi mbili za mwisho na kushushwa daraja.

Mwaka mmoja baadaye timu ilikwenda Malaysia kucheza daraja la nne dhidi ya Bermuda, Denmark, Jersey, Malaysia na Vanuatu. Mashindano yalianza tarehe 29 Aprili 2018 na kumalizika tarehe 6 Mei, na Uganda ikamaliza ya kwanza na kupanda tena. Mwezi Februari mwaka huohuo Kenya ilikuwa imeshika nafasi ya mwisho katika daraja la pili nchini Namibia na kushushwa. Kwa hiyo ilipofika Novemba 2018, Kenya na Uganda zilikuwa pamoja katika daraja la tatu lililochezwa Omani, na nahodha wa Kenya wa 2003 alikuwa upande wa Uganda.

Miaka iliyofuata Uganda ilizidi kupanda chini ya makocha wengine. Mwezi Novemba 2023, mjini Windhoek, iliifunga Zimbabwe na kufuzu kwa Kombe la Dunia la Twenty20 la 2024, Zimbabwe ikibaki nje. Katika mashindano hayo iliifunga Papua New Guinea kwa wiketi 3 nchini Guyana. Nahodha Brian Masaba na mrushaji Frank Nsubuga, aliyekuwa na umri wa miaka 43, walikuwa wamecheza pia chini ya Tikolo. Mafanikio hayo hayawezi kuhesabiwa kuwa kazi ya kocha mmoja, lakini timu ya 2024 haikuanza kujengwa mwaka huo.

Baadaye Tikolo alifundisha pia timu ya taifa ya Nigeria.

## Mtindo wa uchezaji

Tikolo alipiga katika nafasi za juu na za kati, mara nyingi akiingia uwanjani baada ya wiketi ya kwanza au ya pili kuanguka. Katika timu iliyokuwa na wapigaji wachache wa kutegemewa, alilazimika kufanya kazi mbili: kuzuia wiketi zisianguke mfululizo na wakati huohuo kuongeza mikimbio. Zamu zake nyingi zinazokumbukwa, kama 96 za Kandy, 51 na 56 za Durban na 76 dhidi ya Uingereza, zilikuwa katika mechi ambazo Kenya ilifungwa.

Kama mrushaji hakuwa na kasi kubwa, lakini alitumiwa sana katikati ya mchezo kuwabana wapinzani, na alichukua wiketi zaidi ya 90 katika mechi za kimataifa za siku moja.

## Takwimu kwa ufupi

Katika mechi za kimataifa za siku moja Tikolo alicheza zaidi ya mechi 130 na kupata zaidi ya mikimbio 3,300. Alifikisha mikimbio 100 katika zamu moja mara tatu. Matokeo ya Kenya katika Kombe la Dunia alizoshiriki yalikuwa haya:

- 1996: ushindi mmoja, dhidi ya West Indies
- 1999: ilipoteza mechi zote tano
- 2003: nusu fainali, Tikolo akiwa nahodha
- 2007: ushindi mmoja, dhidi ya Kanada, Tikolo akiwa nahodha
- 2011: ilipoteza mechi zote sita

## Nafasi yake katika historia ya mchezo

Tikolo anatajwa pamoja na Maurice Odumbe, Thomas Odoyo, Aasif Karim, Martin Suji na Kennedy Otieno kuwa kizazi bora zaidi cha kriketi ya Kenya. Kati yao, yeye ndiye aliyedumu muda mrefu zaidi katika kiwango cha juu, kuanzia ushindi wa Pune hadi miaka ya kushuka. Kwa sababu hiyo historia yake hutumiwa mara nyingi katika mjadala kuhusu namna ICC inavyogawa mechi na fedha kwa nchi ndogo. Afghanistan na Ireland zilipewa hadhi ya Test mwaka 2017. Hakuna timu ya Afrika Mashariki iliyowahi kuipata.